Kipande cha Kumi na Moja

Kila aliyeingia chumba chetu kwa mara ya kwanza alidhani Mama Nta amemnunia. Hakuwa amemnunia mtu. Alikuwa anapumulia mche wa nta. Ukitaka kukata nyama ya mgonjwa iliyozamishwa ndani ya nta, na uikate nyembamba mara ishirini kuliko karatasi, sharti uipumulie kidogo kabla wembe haujapita, pumzi ya joto, polepole, kama mtu anayefuta miwani. Kwa hiyo ukibisha hodi na kusema habari za asubuhi, yule mama atabaki ameinamia mashine, midomo imekunjwa, mpaka kipande kiteremke juu ya wembe. Hapo ndipo atainua kichwa na kusema nzuri, kwa sauti ya mtu aliyekatishwa usingizi.

Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Mimi nilikaa naye ishirini na miwili katika hiyo, meza yangu ikiwa chini ya dirisha dogo la kupokelea sampuli, ndiyo maana wakanibandika jina la Dirishani. Yeye aliitwa Mama Nta kabla sijafika, na barua za ofisi zilipokuja na jina lake halisi ilimbidi akae kidogo akumbuke ni nani huyo.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Daktari huko juu akishatoa kinyama kwa mgonjwa, kinakuja dirishani kwangu ndani ya kikopo. Ninaandika jina kwenye rejista, ninatoa nambari, na kuanzia hapo jina linabaki kwangu peke yangu. Kile kinyama kinakaushwa, kinamwagiwa nta ya moto, kinaganda, kinakuwa mche mdogo unaoenea kiganjani, mfano wa kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Juu yake kuna nambari tu. Mama Nta anaukata, vipande vinaelea kwenye beseni la maji ya vuguvugu, anavivua kimoja kimoja kwa kioo chembamba, na vioo vinapelekwa kwa daktari wa hadubini aseme ni saratani au siyo. Mche wenyewe unarudi kwenye droo na kukaa humo miaka.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na mwisho. Vipande viwili, vitatu, basi. Ni saratani, au siyo, na mgonjwa anajua kama ni kulia au kushukuru. Kisha ukaja utafiti. Sisemi utafiti ni mbaya, mimi ni nani niseme hivyo. Ila tangu uje, hawatosheki kujua kwamba ni saratani. Wanataka kujua ukoo wake, inakula nini, inajificha wapi, inaogopa nini. Leo vipande vitano vya kutazama alama fulani, kesho vinane vya kupelekwa kusomwa chembe za urithi, keshokutwa wamegundua dawa nyingine na miche ile ile irudi mezani ikatwe tena. Mama Nta alikuwa akisema saratani siku hizi inachunguzwa kuliko mchumba, na bado posa haikubaliwi.

Alichoka. Nalisema wazi kwa sababu yeye hakulisema. Gurudumu la mashine huzungushwa kwa mkono wa kulia, na mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kifundo, ameufunga bandeji ya kuvutika ambayo rangi yake ilishapotea. Saa sita mchana alikuwa akisimama kwa awamu mbili, kwanza mikono mezani, halafu mgongo. Nyumbani alikuwa na mume mstaafu aliyejifunza kupika uzeeni na kujivunia jambo hilo kupita kiasi, na watoto watatu waliokwisha kuondoka. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu hivi astaafu. Hakuhesabu siku, alisema ukihesabu zinajua.

Mwenzake wa mashine ya pili tulimwita Haraka. Nisimseme vibaya, ni mtu mwema, akipita dukani hukuletea na wewe. Lakini jina hakupewa bure. Mche uliowahi kukatwa ukiurudisha kwenye mashine haukai tena vile vile ulivyokaa mwanzo. Unapinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, ila wembe unaona. Kwa hiyo kabla ya kuanza lazima uusawazishe, na ukisawazisha unaparua vipande vinavyoishia kwenye ndoo ya taka. Haraka huparua kumi na tano bila kupepesa. Kama ni titi zima au kipande cha utumbo, hakuna hasara, nyama ipo tele. Kama ni kinyama kilichovutwa kwa sindano, kilichokaa ndani ya nta kama uzi wa kushonea, vipande kumi na tano ndiyo mgonjwa mwenyewe huyo umemtupa ndooni.

Kila mkataji amewahi kufanya kosa hilo. Mama Nta alilifanya mwaka wake wa pili kazini, na nambari ya mche ule alikuwa nayo kichwani mpaka leo. Siku nyingine, akiwa anaosha beseni, aliitaja tu nambari, na mimi nilijua anawaza nini.

Mdogo wake alikuwa fundi redio. Jina lenyewe ndilo hilo, Fundi Redio, ingawa miaka ya mwisho aliishi kwa kutengeneza simu. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka minne, na dada mtu ndiye aliyemlea, akampeleka shule, akampiga alipotoroka shule, akamsimamia kwenye harusi. Fundi Redio alikuwa mtu wa maneno mengi. Akija kumsubiri dada yake alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya dirisha langu, akafungua redio yangu ya mezani bila kuombwa, akaipuliza vumbi, akaifunga, na ilivyokuwa mbaya ndivyo ilivyobaki.

Alianza kukohoa. Walimpa dawa za kifua kikuu miezi kadhaa, kikohozi kikaendelea. Baadaye wakampiga picha, wakaona kitu kwenye pafu la kushoto, wakachukua nyama kwa sindano. Sindano ile ikamletea balaa, hewa ikavuja, pafu likasinyaa, akalazwa siku tisa na mrija ubavuni. Daktari akaapa kwamba hatachomwa nyingine.

Kinyama kile kilipofika dirishani kwangu nilifanya kama sheria ya chumba inavyosema. Sampuli ya ndugu wa mfanyakazi hugongwa muhuri mwekundu kwenye karatasi yake, na ikishagongwa mfanyakazi huyo haigusi. Mkono ukijua unamkata nani, unatetemeka, na ukitetemeka unaharibu, au mtu anaona kitu ambacho hakupaswa kukiona wa kwanza. Nikagonga. Mche ukaenda kwa Haraka. Haraka akaparua kama kawaida yake, akakata, majibu yakatoka kwamba ni saratani. Kilichobaki cha mche kikaingia droo.

Fundi Redio akatundikiwa dripu, mizunguko sita. Nywele zikaenda, uvimbe ukapungua, tukafurahi. Baada ya miezi minne ukarudi, na mwingine kwenye ini. Daktari wake akamwambia kwamba dawa za kawaida zimefika mwisho.

Hapo ndipo alipoingia Daktari Naomba. Ni kijana wa watu, mpole, aliyesomea mambo ya saratani mbali na kurudi, na hakuna sentensi aliyoianza bila neno hilo: naomba mche huu, naomba vipande vingine, naomba samahani ninasumbua. Alikuwa anaandikisha wagonjwa wa utafiti wa dawa mpya. Alimweleza Fundi Redio pale pale nje ya dirisha langu, kwa hiyo nilisikia. Mwili una askari wake, akasema, wanaoua kitu chochote kigeni. Saratani nyingine huvaa sare, askari wakifika wanaiona mwenzao, wanapiga saluti na kupita. Dawa hii inaivua ile sare.

Fundi Redio akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo muda wote huu jambazi amelala kwangu, na askari wangu wanamsalimia?"

Daktari Naomba akasema ndiyo, kwa namna hiyo. Ila si saratani zote zinazovaa sare. Ili kujua, walihitaji vipande kumi kutoka kwenye mche wake, vipande vizima visivyokunjamana, vyote vikiwa na uvimbe ndani, vipelekwe kwenye maabara kuu ya utafiti nje ya nchi. Vikiwa tisa havipokelewi. Sare ikionekana, ataingizwa kwenye utafiti na kupewa dawa. Na kwa kuwa hachomwi tena sindano, ni mche ule ule au hakuna.

Nambari za utafiti zililetwa Jumanne asubuhi, saba kwa pamoja. Nikafungua droo nikaitoa miche. Wa Fundi Redio nilipouinua kwenye mwanga sikuona kitu. Nikauelekeza dirishani, nikaona unywele mmoja wa kijivu katikati ya nta. Ndiyo uliobaki.

Sikukaa kufikiri sana, nitakuwa mwongo nikisema nilifikiri. Karatasi mpya ilikuwa mbele yangu, muhuri mwekundu nimeshaushika mkononi. Nikamwangalia Haraka. Alikuwa anamaliza chai huku akisawazisha mche wa mtu, na vile vipande vikianguka kwenye ndoo, kimoja, kingine, kingine. Nikaurudisha muhuri kwenye droo. Karatasi ya Fundi Redio nikaiweka katikati ya zile nyingine, nikampelekea Mama Nta minne, Haraka mitatu.

Mama Nta alikuwa anapanga miche juu ya barafu. Nta lazima iwe baridi na ngumu, ikilegea kipande kinakunjamana. Akaniuliza bila kugeuka.

"Wa mdogo wangu umempa Haraka?"

"Nimempa," nikasema.

"Mungu amsaidie Haraka," akasema, na akarudi kwenye barafu yake.

Miaka yote ile sikuwahi kumwongopea mwanamke yule, hata kuhusu chakula cha mume wake alichokuwa akituletea tukionje. Nikarudi mezani kwangu nikajifanya naandika. Niliandika jina moja mara mbili, ikabidi nikate.

Ile mitatu ya kwanza aliikata kama kawaida. Huo wa nne aliuweka wa mwisho. Nilijiambia ni kwa sababu ni mgumu, na mgumu huachwa wa mwisho. Aliufunga kwenye mashine, akaufungua, akaugeuza, akaufunga tena. Akashika lile gurudumu, badala ya kulizungusha akalisukuma kwa kidole, mche ukashuka kuukaribia wembe bila kuugusa. Akainama akatazama mwanga unaopita katikati yake na wembe. Akakaza skrubu moja robo, akalegeza nyingine. Alifanya hivyo karibu nusu saa. Haraka alikwishamaliza yake yote akaenda kuosha vioo.

Mwishowe akaanza. Kilichoanguka ndooni kilikuwa kipande kimoja cha nta tupu, na nusu ya pili. Kipande cha tatu kilikuwa na nyama. Akakipumulia, akazungusha, kikalala juu ya wembe, akakichukua kwa ncha ya brashi akakilaza juu ya maji, kikajinyoosha chenyewe. Akakivua. Moja.

Nilikuwa nahesabu kwa kuangalia vioo vinavyosimama kwenye kishikio. Mbili, tatu, nne. Cha tano kilikunja ukingo na nikadhani tumekikosa, akakivuta kwa ncha mbili za brashi polepole hadi kikafunguka. Baada ya cha sita aliacha. Akauondoa mche akaurudisha barafuni, akavua bandeji mkononi, akasimama dirishani kwangu akiangalia nje. Kifundo kilikuwa chekundu. Nikamwuliza kama nimletee maji. Akasema hapana, akasema mwambie mtu anayeburuta viti huko nje aache. Hakukuwa na mtu aliyeburuta viti.

Alirudi akakata saba, nane, tisa. Unywele ule sasa ulikuwa nukta. Cha kumi alikipumulia mara tatu. Nikaona bega lake limetulia kabisa, kama si mtu yule aliyesimama kwa awamu mbili kila mchana, na kipande kikashuka kizima. Nikashusha pumzi kwa sauti. Aliisikia.

Utaratibu ni kukata kimoja zaidi baada ya vile vinavyotakiwa, kipakwe rangi na kutazamwa, maana kama cha mwisho kina uvimbe basi na vilivyotangulia vinao. Kwa hiyo akakata cha kumi na moja. Akakipaka rangi mwenyewe, akakiweka chini ya hadubini, akaangalia muda mrefu kuliko unaohitajika.

"Upo," akasema.

Kisha akautoa mche kwenye mashine, akauinua kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi asubuhi. Ilikuwa nta tupu. Aliushika hivyo, akaufuta kwa kidole gumba, akaniletea niurudishe kwenye droo pamoja na kioo cha kumi na moja. Saa nane na nusu akaomba ruhusa aende nyumbani, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mtoto wake wa mwisho avunjike mkono.

Majibu yalichukua siku kumi na nane. Katika siku hizo Mama Nta hakuuliza lolote kuhusu utafiti, na mimi sikumtazama machoni zaidi ya ilivyolazimu. Nilijiona shujaa asubuhi, mchana nikajiona mshenzi. Nilijiambia kwamba dawa ikimfaa, siku moja nitamwambia, tutacheka, na Fundi Redio ataitengeneza redio yangu kwa shukrani.

Daktari Naomba alikuja dirishani akiwa ameshika simu yake kwa mikono miwili. Alianza na habari njema, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Maabara kuu imesifu vipande vile. Katika vyote vilivyopokelewa kutoka hospitali zote zinazoshiriki, hakuna vilivyokatwa vizuri kama vile. Nikasubiri.

Sare haikuonekana. Wameangalia vyote kumi, wakarudia. Uvimbe wa Fundi Redio haujifichi kwa njia ile, na dawa ile haitamsaidia chochote, itamuumiza tu. Hawezi kuingizwa. Kuna dawa nyingine ya watu wa namna yake, inaandaliwa, inatia moyo sana, itaanza kujaribiwa kwa wagonjwa baada ya miaka miwili, pengine mitatu. Alilisema hilo akiwa na uso mwema kabisa, naye ni mtu mwema. Nilitamani kumfungia dirisha.

Alimwambia Fundi Redio mwenyewe jioni ile, dada yake akiwa ameketi kando. Nilikuwepo, nilikuwa nimebeba mkoba wake. Fundi Redio alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema, "Kumbe wangu hata hajifichi. Ni mwizi wa mchana, anaingia kwa mlango wa mbele."

Daktari Naomba hakujua acheke au asicheke. Akatoa karatasi nyingine, akaomba samahani, akaeleza kwamba kama mgonjwa akiridhia, chochote kilichobaki kwenye maabara kinaweza kutumiwa kwa utafiti wa baadaye, hata kama yeye mwenyewe hatafaidika. Fundi Redio akauliza kimebaki nini. Mama Nta alikuwa anaangalia viatu vyake. Fundi Redio akasaini, akasema redio mbovu huwa haitupwi, hutolewa vipuri.

Aliishi miezi mitano. Mama Nta alichukua likizo ya siku saba, akarudi siku ya nane akiwa na bandeji mpya, akawasha beseni la maji. Wafanyakazi wa vyumba vingine walikuja kumpa pole, akaipokea kila pole kwa maneno yale yale. Nami nikatoa yangu. Nilitaka kuongeza jambo, nikashindwa, nikaenda kumletea barafu.

Tangu hapo nikawa mtu mwenye jiwe kiatuni. Nilikuwa namwangalia akikata miche ya watu na kufikiri: nimemfanya mama huyu amkate mdogo wake, yule aliyembeba mgongoni, nyama yake mwenyewe chini ya wembe, na hajui. Nimemwibia hata haki ya kujua. Na yote hayo kwa ajili ya majibu ya hapana. Kama ingekuwa ndiyo, ningeweza kujitetea.

Miezi kumi na moja baada ya mazishi, Mama Nta akiwa amebakiza wiki tano kustaafu, Daktari Naomba alileta orodha. Ile dawa nyingine imewahi kuliko walivyotarajia, akasema, na kabla hawajaanza kumpa mtu yeyote wanataka kusoma upya wale wote ambao dawa ya kwanza iliwakataa, wajue kilichofanana kwao. Mche, kipande, kioo kimoja chenye rangi, chochote. Nambari zilikuwa ishirini na tatu. Ya kumi na nne ilikuwa ya Fundi Redio.

Haraka alikuwa likizo. Mama Nta alivuta kiti akaketi mezani kwangu tusaidiane, mimi nasoma nambari, yeye anafungua droo. Nilisoma kumi na tatu bila shida. Ya kumi na nne sikuisoma. Nikafungua droo yangu, nikachukua ule muhuri mwekundu, nikafungua kifuniko cha wino. Sikujua nitasema nini baada ya kuugonga. Nilijua tu kwamba mara ya pili sitaweza.

Mama Nta akaweka mkono juu ya karatasi.

"Rudisha hiyo," akasema. "Siku ile hukuutumia, leo wa nini?"

Nilibaki na muhuri mkononi. Alitaja nambari yote, kuanzia herufi ya kwanza hadi tarakimu ya mwisho, kwa sauti ile anayotumia akiosha beseni. "Iko juu ya majibu yake ya kwanza," akaniambia, "nilimsomea mwenyewe karatasi ile sebuleni kwangu, alikuwa hana miwani." Kwa nini nilidhani hataijua? Miaka ishirini na miwili nilijiona mwenye siri zote za chumba kile, na sikuwahi kukumbuka kwamba wagonjwa wanarudi nyumbani na karatasi.

"Ulijua, na bado ukaniuliza kama nimempa Haraka," nikasema.

"Nilikuuliza ili uniongopee. Ungesema kweli ningelazimika kumpa Haraka." Akanyanyua mkono kwenye karatasi. "Ulichelewa kidogo kujibu, nikaogopa."

Nikaanza kulia, sioni haya kusema. Nilimwambia naomba unisamehe. Akauliza anisamehe nini, akaniambia nifunge wino unakauka. Nikadhani yamekwisha, kumbe bado.

"Unajua kinachonisumbua? Si kumkata. Mkono wangu siku ile ulikuwa mwema sana. Nimekata miaka yote hii, sijawahi kukata vile. Na nilikuwa nafurahi, Dirishani. Kila kipande kilichoshuka kizima nilifurahi, huku namwona anapungua. Nilimkata mpaka akaisha."

Akainuka kwa awamu zake mbili, akaenda kwenye droo ya vioo vya rangi. Hakupekua, alikuwa anajua kilipo. Alirudi na kioo cha kumi na moja, kile kidogo cha waridi, alama ya nyama katikati kama nukta ya kalamu. Akakifuta vumbi kwa ukingo wa koti lake.

Nilimwuliza kama hataki kibaki. Ni cha mwisho, nikamwambia, tunaweza kuandika kwamba hakikupatikana, hakuna atakayejua.

"Alisaini," akasema.

Akakipumulia. Pumzi ile ile, ya joto, polepole, ingawa hapakuwa na wembe wala kitu cha kukata. Ukungu ulikaa juu ya kioo, ukaondoka. Akakiweka kwenye sanduku la utafiti, nafasi ya kumi na nne, akaniambia nisome inayofuata.